Baridi Kuliko Zote, Kelele Kuliko Zote: Vinara wa Kupoza Kompyuta za Mezani

Agosti 2011, mjini Austin, Texas, kikosi kilichokusanywa na kampuni ya AMD kiliisukuma prosesa ya FX-8150 hadi GHz 8.429, na Guinness wakaiandika. Mwaka 2014 Mfini mmoja anayejiita The Stilt akaifikisha FX-8370 kwenye GHz 8.72, na rekodi hiyo ikakaa miaka minane bila kuguswa. Desemba 2022 Msweden Jon Sandström, maarufu kwa jina la Elmor, akavuka GHz 9 kwa Core i9-13900K ya Intel. Oktoba 2023 akapata 9.043, na Machi 2024 akapata 9.117 kwa i9-14900KS. Mwaka 2025 Mchina anayetumia jina la wytiwx akaisogeza mpaka 9.13.

Jumlisha yote hayo: miaka kumi na minne ya jasho, na ongezeko halifiki asilimia tisa. Ndiyo maana mimi rekodi hizi sizihesabu kuwa za prosesa. Ni rekodi za kupoza. Umeme unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto, karibu wote. Hakuna kifaa kinacholiangamiza joto hilo, kuna vinavyolihamisha tu, na hodari ni yule anayelihamisha kabla silikoni haijagoma. Waliotia fora kwa kazi hiyo ni wengi, wengine kwa ustadi, wengine kwa aibu, na wa aibu ndio wenye visa vitamu zaidi.

Baridi kuliko zote

Kwenye mashindano haya usitafute kasha wala feni. Mazabodi hulazwa mezani ikiwa tupu, na juu ya prosesa hufungwa chungu cha shaba chenye kuta nene na mdomo wazi. Humo humiminwa nitrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Sehemu zinazozunguka chungu hupakwa vaselini au kufunikwa kwa taulo za karatasi, maana unyevu wa hewa huganda papo hapo, na barafu ile ikiyeyuka ni maji juu ya umeme. Mmoja anamimina kwa kikombe huku jicho likiwa kwenye kipimajoto, mwenzake anapandisha volti kidogo kidogo.

Kwa rekodi kubwa hata nitrojeni haitoshi. Huletwa heli, inayochemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, nyuzi nne tu juu ya kikomo cha baridi kinachowezekana. Lakini heli ni baridi isiyo na misuli: kilo moja ikichemka hubeba takriban sehemu moja ya kumi tu ya joto ambalo kilo ya nitrojeni ingebeba. Unamimina, inatoweka, unamimina tena, na kila tone lina bei yake. Kwa hiyo matayarisho yote hufanywa mapema na rekodi hunyakuliwa ndani ya sekunde chache. Tena si kila prosesa itavumilia. Nyingi zikipozwa kupita kiasi hukataa kabisa kufanya kazi, na kumpata mvumilivu ni bahati nasibu.

Hapo ndipo shangwe yangu hupungua. Katika rekodi ya 2011, prosesa ile yenye viini vinane ilibakiziwa viwili tu, vingine vikazimwa ili visiongeze joto. Programu ya kupima ikishaisoma namba na kuihifadhi, kazi imekwisha. Hakuna mtu aliyewahi kuandika hata barua kwa mwendo wa GHz 9.

Waliochukia feni

Hakuna kampuni iliyogombana na feni kwa miaka mingi, na kwa gharama kubwa, kama Apple. Ugomvi ulianza na Apple III, iliyotangazwa Mei 1980. Steve Jobs alitaka mashine isiyo na feni wala matundu ya hewa, kwa kuwa kelele ilimkera. Ukubwa na umbo la kasha vikaamuliwa kwanza, wahandisi wa umeme wakaambiwa wajibane humo. Kasha likasubiwa kwa aluminiamu nzito ili chuma chenyewe kilinyonye joto na kulitoa nje taratibu.

Bei ilianzia dola 4,340. Haikuchukua muda chipu zikaanza kuchomoka kwenye soketi zake: zikipata joto zinatanuka, zikipoa zinasinyaa, na kila mzunguko unazipandisha kidogo. Dawa waliyoitoa mafundi wa kampuni yenyewe naipa tuzo ya ushauri wa ajabu kuliko wote katika historia ya kompyuta: inyanyue mashine inchi mbili tatu juu ya meza, kisha iachie ianguke. Kishindo kilizirudisha chipu mahali pake. Apple ilibadilisha mashine 14,000 za kwanza, na jina la Apple III halikupona tena hadi ilipoondolewa sokoni 1984. Jerry Manock, aliyesanifu kasha, alikana kwamba kosa ni lake. Kwa maelezo yake kasha lilimudu joto, tatizo lilikuwa bodi. Huenda alisema kweli, lakini bodi ilibanana vile kwa sababu ya nafasi iliyopewa.

Somo halikuingia. Macintosh ya 1984 nayo ilitoka bila feni, na watu wakaipachika jina la kibaniko cha mkate. Kisha, Julai 2000, ukaja Power Mac G4 Cube, mchemraba wa sentimita 20 hivi ulioning'inizwa ndani ya ganda la akriliki angavu. Huu kihandisi ulikuwa na akili. Hewa baridi iliingia kwa chini, ikapanda katikati kupitia mapezi ya kipozajoto, ikatokea kwenye matundu ya juu. Hewa moto hupanda yenyewe, haidai umeme wala haipigi kelele, ilimradi mwenye mashine asiweke daftari juu yake. Uliouangusha mchemraba ni mfuko wa mnunuzi. Dola 1,799 bila skrini, wakati Power Mac ya kawaida yenye nguvu zilezile iliuzwa kwa bei ndogo zaidi, na juu ya hayo baadhi ya maganda yalionekana na mistari iliyofanana na nyufa. Julai 2001 uzalishaji ukasimamishwa. Leo umo kwenye mkusanyo wa makumbusho ya MoMA, New York, mahali ambapo hakuna anayeuwasha.

Kisha Apple ikageuka kabisa. Power Mac G5 ya 2003 ilikuwa na feni tisa, na kwangu hilo ndilo kasha bora kuliko yote waliyowahi kutengeneza. Ndani liligawanywa vyumba vinne, kila kimoja kikiwa na feni zake na njia yake ya hewa, ili joto la pawa saplai lisipitie kwenye prosesa wala la prosesa lisipitie kwenye diski. Feni tisa zikizunguka taratibu zilikuwa kimya kuliko feni mbili zenye hofu. Uso wa kasha ulikuwa matundu matupu ya aluminiamu, na watu wakayaona matundu hayo kuwa urembo.

Mwaka 2013 wakarudi kwenye dhambi ya zamani. Mac Pro mpya ilikuwa silinda nyeusi yenye urefu wa sentimita 25. Katikati ulisimama mhimili wa pembetatu wa aluminiamu, bodi zikabandikwa kwenye pande zake tatu, na feni moja juu ikavuta hewa ya wote. Hesabu ilidhani joto litagawanyika sawa kwa pande tatu daima. Dunia ya kadi za grafiksi ikaenda kwingine, kwenye kadi moja kubwa yenye joto jingi, na silinda haikuwa na pa kuiweka. Aprili 2017 Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba walikuwa wamejibana wenyewe kwenye kona ya joto. Mwaka 2019 Mac Pro ikarudi kuwa mnara, ikiwa na feni tatu kubwa mbele.

Lakini kwa udanganyifu mtupu hakuna wa kuifikia Sinclair ZX80 ya Uingereza. Ilitoka mwaka uleule wa Apple III, kwa pauni 99.95. Nyuma ya kasha lake dogo jeupe kulionekana safu ya matundu meusi ya kutolea joto. Hayakuwa matundu. Ilikuwa mifereji tu kwenye plastiki, imetiwa weusi, na mashine ilikuwa ikipata joto kwelikweli.

Kufa upesi na kupiga magoti

Septemba 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video ambayo vijana wa wakati ule bado wanaisimulia. Kompyuta zikiwa katikati ya mchezo wa Quake III, kipozajoto kiling'olewa juu ya prosesa. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, mchezo ukasuasua, mashine ikabaki hai. Athlon ya GHz 1.4 ya AMD ilitoa moshi na kufa kabla mtu hajamaliza kuisoma sentensi hii. Intel walikuwa wameweka ndani ya prosesa kipimajoto kinachoipunguzia kasi, AMD waliiachia mazabodi jukumu hilo. Siku hizi prosesa zote zina ulinzi huo. Ndiyo maana kompyuta ambayo feni yake imekufa haiungui. Inakuwa nzito tu, na mwenyewe anapeleka kwa fundi akilalamikia virusi.

Intel hawakucheka muda mrefu. Walikuwa wametamba kwamba usanifu wa Pentium 4 utafika GHz 10. Toleo la 2004, Prescott, lilitafuna hadi wati 115 na likakwama kwenye GHz 3.8. Toleo la GHz 4 likafutwa, na Oktoba 2004 mkurugenzi mkuu Craig Barrett akapiga magoti jukwaani, mbele ya mkutano wa watu wa teknolojia huko Florida, akiomba radhi. Utani ulikuwemo, lakini nusu tu. Tangu hapo tasnia nzima ikaacha kufukuzia gigahezi ikaanza kuongeza viini.

Joto lenyewe halikuacha kupanda. Limehamia kwenye kadi za grafiksi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 kwa mashine nzima, na prosesa yake ya 8088 haikuwa na hata kipande cha chuma juu yake. RTX 5090 ya Nvidia, ya Januari 2025, imepangiwa wati 575. Kadi moja, mara tisa ya ile IBM nzima, karibu nusu ya pasi ya umeme ya nyumbani. Toleo la Nvidia wenyewe la kadi hiyo ni jembamba kuliko la mtangulizi wake, RTX 4090 ya wati 450, kwa sababu bodi imefinywa katikati ili feni mbili zipige hewa moja kwa moja kupita upande wa pili. Ile 4090 ilizidi kilo mbili. Kadi za uzito huo huinama kwenye soketi, na watu wameanza kuuziana vijiti vya kuziegemeza.

Kelele kuliko zote, na kimya chake

Nvidia hao hao wanashikilia tuzo ya kelele tangu 2003. GeForce FX 5800 Ultra ilikuwa na feni ndogo kali ndani ya mfereji wa plastiki, ikivuta hewa kutoka nje na kuitema nje. Wanunuzi wakaipa jina la kile kifyonza vumbi cha mkononi, Dustbuster. Kwa heshima yao, Nvidia walikubali aibu: walitengeneza video ya vichekesho wakiionyesha kadi hiyo kama mashine ya kupulizia majani.

Dawa ya kelele inajulikana: feni kubwa inayozunguka taratibu husukuma hewa ileile ambayo feni ndogo huisukuma kwa kupiga mayowe. Ndiyo maana feni za makasha zimekua kutoka milimita 80 hadi 120, 140 na zaidi. SilverStone ya Taiwan, kwenye kasha lao la Raven la 2008, waliweka mbili za milimita 180 sakafuni, kisha wakaigeuza mazabodi nyuzi 90 ili soketi za nyaya zitazame dari. Hewa ikawa na njia moja tu, chini kwenda juu, hakuna kona. Mpaka leo sielewi kwa nini wengi hawakuwaiga.

Upande wa feni yenyewe, Noctua wa Austria ndio wa kuwatazama, hata kama rangi zao za kahawia na krimu zimewakwaza wengi. Feni yao ya NF-A12x25, ya 2018, imeacha nafasi ya milimita 0.5 tu kati ya ncha ya panga na fremu. Panga la plastiki ya kawaida hutanuka likizunguka kwenye joto kwa miaka na lingekwaruza, kwa hiyo walitafuta plastiki ngumu zaidi isiyonyumbuka. Kazi yote hiyo ni kuziba upenyo ambao hewa hurudi nyuma. Kipozajoto chao cha NH-D15, cha 2014, kina kilo 1.32 pamoja na feni zake.

Lakini kwa uzito na ukimya vikichanganywa, mshindi ni Zalman wa Korea Kusini. TNN 500A yao, ya mwaka 2004, ilikuwa kasha lisilo na feni hata moja, takriban kilo 25 za aluminiamu likiwa tupu, kuta zake zikiwa mapezi. Joto lilifika kwenye kuta hizo kwa mabomba-joto, kifaa kidogo ninachokistahi kuliko vyote humu. Ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, hewa imetolewa, yameachwa matone ya maji. Kwa kuwa shinikizo la ndani ni dogo, maji huchemka kwenye joto dogo. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hurudi kuwa maji, na maji hunyonywa kurudi yalikotoka kupitia utando wenye vinyweleo uliobandikwa ukutani mwa bomba. Hakuna pampu, hakuna kinachozunguka. Richard Gaugler wa General Motors alipata hataza ya wazo hilo 1944, likasahauliwa, hadi George Grover alipolibuni upya kule Los Alamos 1963 na likaanza kupoza vifaa vya angani. Kompyuta zimelirithi kutoka huko.

Maji, mafuta na moto

Kupoza kwa maji kuna faida na kuna siku ya kilio. Apple walitia maji kwenye Power Mac G5 za 2004 zenye prosesa za kasi zaidi, na baadaye baadhi zikavuja na kula bodi na pawa saplai. Puget Systems wa jimbo la Washington, Marekani, waliamua 2007 kukata mzizi wa fitina: waliizamisha kompyuta nzima ndani ya tangi la samaki lililojaa mafuta ya madini, ambayo hayapitishi umeme. Ilipendeza, mapovu na taa. Matatizo yalikuja polepole. Diski za kuzunguka hazizamishwi, kwa kuwa zina kitundu cha kupumulia. Mafuta hupanda yenyewe ndani ya nyaya na kudondokea mezani. Na yakishapata joto, baada ya saa nyingi, yanataka rejeta kama maji tu.

Kasha lililoingia kwenye rekodi kwa moto wa kweli ni NZXT H1, dogo na zuri, la 2020. Skrubu zilizoshika bodi ndogo ya kuunganishia kadi ya grafiksi ziliweza kusababisha shoti, na Februari 2021 makasha yapatayo 32,000 yakarejeshwa nchini Marekani peke yake.

Rekodi isiyo na cheti

Maabara hupima vipozajoto kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22. Kipozajoto hakishushi joto chini ya lile la chumba, kinaweka tofauti tu juu yake. Kipeleke kwenye stationari ya Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa nyuzi 32, na namba zote zilizo kwenye boksi ziongeze kumi.

Kisha kuna vumbi. Fundi akifungua ubavu wa kompyuta iliyofanya kazi miaka mitatu kando ya barabara ya vumbi, anachokuta kati ya feni na mapezi ni mkeka wa kijivu ulioshikamana. Feni inazunguka vizuri kabisa, hewa haipiti. Anaubandua kwa vidole ukitoka mzima, anashika panga za feni kwa kidole ili blowa isizizungushe kupita kiasi na kuua beringi yake, ndipo anapuliza. Chini ya kipozajoto pesti imekauka ikawa ungaunga. Anaifuta, anaweka mpya kiasi cha punje ya njegere, na mashine iliyokuwa inajizima kila saa sita mchana inarudi kazini. Ukitaka mkeka huo uchelewe, kasha liwe na feni nyingi zinazoingiza hewa kupitia chujio kuliko zinazoitoa. Hewa ya ndani ikizidi, inatokea kwenye kila upenyo, na vumbi halipati pa kuingilia. Makasha mengi ya bei nafuu yana feni moja tu, tena ya kutoa.

Aliyedumu kuliko wote

ATX, mpango wa Intel wa 1995 unaoamua mazabodi iwe milimita 305 kwa 244 na skrubu zikae wapi, ulianza na kosa la upepo. Feni ya pawa saplai ilikusudiwa kuvuta hewa ya nje na kuipulizia prosesa. Hewa hiyo ilifika ikiwa imeshapashwa joto na pawa saplai yenyewe, na vumbi juu yake, kwa hiyo feni ikageuzwa itoe nje.

Mwaka 2004 Intel wenyewe walileta mrithi, BTX. Prosesa ilisogezwa mbele kabisa, kwenye mdomo wa feni kubwa, na hewa ileile ikaendelea hadi kwenye kadi ya grafiksi. Kwa mtiririko wa hewa ilikuwa bora, na Dell na Gateway waliitumia. Lakini ilibuniwa kuuguza joto la Pentium 4, na mgonjwa akaondoka: prosesa za Core za 2006 zilikuwa baridi zaidi, na mwaka huohuo Intel wakatangaza kuiacha. Kasha la ATX la 1995 bado linapokea mazabodi ya leo, skrubu kwa skrubu. Itakayoshindikana ni kadi ya grafiksi, ambayo kwa urefu wake itagonga kibweta cha diski kilicho mbele.